Vijiko Vinne vya Mama: Historia Fupi ya Kupunguza Sukari

Kiswahili kina ujanja wake. Kile tunachotia kwenye chai tunakiita sukari, na ugonjwa tunaouogopa nao tunauita sukari. Mtu akikuambia "fulani ana sukari", hudhani kwamba jirani katoka dukani na kilo mbili. Vitabu vya afya vinaandika kisukari, lakini mtaani hiyo "ki" imeshadondoka siku nyingi.

Mwaka juzi mama yangu aliambiwa kwamba sukari yake imepanda. Alirudi nyumbani, akavua mtandio, akakaa jikoni kwenye kigoda. Swali lake la kwanza halikuhusu dawa wala vipimo. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, chai nitakunywaje?"

Nilitaka kucheka, nikamtazama usoni, nikaona hatanii. Mama alikuwa mtu wa vijiko vinne. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku: asubuhi, alasiri na baada ya kula usiku. Kwake chai isiyo na sukari ni maji ya moto yaliyotiwa rangi, na kumpa mgeni chai ya namna hiyo ni kumwambia aondoke. Nikamwambia atazoea tu. Akanijibu, "Wewe sema. Sisi tumezaliwa na sukari."

Kauli hiyo haikunitoka kichwani, ikanipeleka kwenye vitabu. Hivi ni kweli tumezaliwa na sukari?

Tuanze na neno lenyewe. Sukari tumelipokea kutoka Kiarabu, sukkar. Waarabu walilipata kwa Waajemi, nao Waajemi walilipata Bara Hindi, ambako kwa Kisanskriti lilimaanisha changarawe, yaani punje ngumu zinazosagika. Wahindi ndio waliogundua namna ya kuchemsha maji ya muwa mpaka yagande yawe chembe. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, sukari ilikuwa kama kiungo au dawa: kitu cha wafalme na matajiri, cha kufungiwa kabatini. Mwaka 1700 Mwingereza wa kawaida alitumia takribani kilo mbili kwa mwaka mzima. Kufikia 1800 zilikuwa zimefika kama nane, na karne iliyofuata kasi ikazidi.

Nini kilitokea katikati? Aliyelijibu swali hili vizuri kuliko wote ni Sidney Mintz, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeanza utafiti wake mwaka 1948 kwa kuishi na wakata miwa wa Puerto Rico. Kitabu chake, Sweetness and Power, kilitoka mwaka 1985, na kama unapenda historia inayoanzia mezani na kuishia kwenye meli na viwanda, kitafute. Mintz anaonyesha kwamba ulimi wa Mwingereza haukuamka siku moja ukaanza kudai utamu. Watumwa wa Kiafrika walivuna miwa kwenye visiwa vya Karibi, bei ya sukari ikashuka, na wafanyakazi wa viwandani wasiokuwa na muda wala kuni za kupikia chakula cha maana wakapata kikombe cha chai tamu. Kinapasha mwili moto, kinatia nguvu kwa saa mbili tatu, halafu mtu anarudi kwenye mashine. Mtoto mchanga hupenda utamu, hilo halina ubishi. Lakini vijiko vinne ndani ya kikombe havikuja na kitovu. Vililetwa na bei, ratiba ya kazi na jasho la watu wengine.

Na ikiwa ni mazoea, basi yanaweza kuachwa. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba hata kupunguza sukari kuna historia yake.

Aprili 1791 Bunge la Uingereza lilipiga kura kuhusu kukomesha biashara ya watumwa. Hoja ilishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Mwaka huohuo mtu mmoja aitwaye William Fox alitoa kijitabu kilichowageukia wanywa chai wenyewe. Hesabu yake ilikuwa kali: familia inayotumia ratili tano za sukari kwa wiki, ikijizuia kwa miezi 21, inamwokoa binadamu mmoja asitiwe utumwani au asiuawe. Kijitabu kikachapwa tena na tena. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi nzima akikusanya ushahidi dhidi ya utumwa, alikadiria kwamba watu 300,000 hivi waliacha sukari ya Karibi.

Tafakari kidogo hapo. Wengi wa watu hao hawakuwa na haki ya kupiga kura, na wanawake hawakuwa nayo kabisa. Lakini wanawake ndio waliokuwa wakimimina chai. Bunge lisingewasikiliza, ila bakuli la sukari lilikuwa mikononi mwao. Mwaka 1824 Elizabeth Heyrick wa Leicester aliandika kudai utumwa ukomeshwe mara moja, si kidogokidogo, na mjini kwake akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waache sukari ya watumwa. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ikapita mwaka 1833. Siwezi kusema vikombe vya chai peke yake ndivyo vilivyoleta hayo. Agosti ya mwaka uleule wa 1791, watumwa wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliwasha moto mashamba ya miwa wakaanza mapinduzi yao wenyewe. Hao hawakungoja mtu aache kijiko.

Unaweza kusema, hayo ni ya Wazungu na Karibi, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Karne iliyofuata visiwa hivyo vikawa nchi ya miwa. Na nyumbani kabisa kwetu, kwenye bonde la mto Pangani, wenye mashamba wa karne ya 19 walilima miwa kwa watumwa, wakachemsha maji yake, na sukari ikapelekwa Unguja na Arabuni. Abushiri bin Salim, tunayemsoma shuleni kwa kupigana na Wajerumani mwaka 1888, alikuwa na shamba la miwa karibu na mji huo. Upande huo wa Abushiri shuleni hatukufundishwa.

Mama yangu kazaliwa Pangani. Nilipomsomea habari hizi alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na mto wetu." Halafu akatia vijiko vyake vinne. Historia tamu ya kusimulia, chai tamu zaidi.

Nikaona nimekosea mahali. Nilikuwa nimemletea historia ya watu wengine, na ya kwake sikuwa nimemuuliza.

Siku moja alasiri nikamuuliza. Alikuwa binti mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati nchi ilipokauka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba, mafuta yalikuwa ghali, na madukani kulikuwa na rafu tupu. Sukari ilipatikana kwa foleni na kwa kuandikwa jina kwa balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiongoza msako wa wahujumu uchumi, watu walisakwa kwa kuficha bidhaa ambazo leo mtoto anatumwa kununua kwa sarafu. Mama anakumbuka siku alipokuja mgeni kutoka Unguja. Bibi alimtuma na kikombe kuomba sukari kwa majirani. Akapita nyumba tatu, akarudi na kikombe kitupu. Mgeni akanywa chai bila sukari, akashukuru kwa adabu zote. Usiku Bibi akalia.

"Niliapa," Mama akaniambia, "nikiwa na nyumba yangu, mgeni hatakunywa chai chungu. Wala mimi."

Basi. Vile vijiko vinne havikuwa ulafi. Vilikuwa kisasi dhidi ya kikombe kitupu.

Na hapo ndipo nilipoielewa vizuri habari nyingine niliyokuwa nimeisoma. Uingereza iligawa sukari kwa mgao kuanzia Januari 1940, kwa sababu ya vita, mpaka Septemba 1953. Mara nyingi mtu mzima alipata takribani gramu 225 kwa wiki. Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuwalinganisha watu waliotungwa mimba na kulelewa kabla na baada ya mgao kwisha. Waliopitia mgao tangu tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo walikuwa na hatari ya kisukari cha ukubwani iliyo pungufu kwa kama asilimia 35. Upungufu uliwafaa bila wao kujua. Lakini mgao ulipokwisha, ulaji wa sukari ulikaribia kuongezeka maradufu. Kwetu vilevile: tangu 1984, biashara ilipoanza kulegezwa, sukari ilirudi mezani kwa kishindo, na imekaa.

Nadhani hili ndilo somo kubwa. Sukari inayopunguzwa kwa amri au kwa dhiki hungoja mlango ufunguliwe, ikarudi na nduguze. Wale wa 1791 walipunguza kwa sababu waliyoichagua, na hawakufanya kila mtu kivyake. Mezani walikuwa pamoja, na majirani walijua. Mgonjwa wa leo tunamfanyia kinyume. Tunampa amri, tunamwachia kikombe chake kichungu pembeni, sisi tunaendelea na soda zetu mbele ya macho yake, halafu tukimkuta analamba kijiko tunamwita mkaidi.

Kwa hiyo nyumbani tukabadilisha mpango. Nilimwonyesha Mama hesabu, kwa sababu hesabu anaiheshimu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na linasema ikishuka chini ya tano ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo tano ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai kwa siku. Mama alikuwa anamaliza 12 kwa chai tu, kabla ya kuhesabu maandazi. Chupa moja ya soda niliyokuwa nakunywa mimi mchana ilikuwa na gramu kama 30. Akaniangalia. "Na wewe pia," akasema. Nikakubali. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Tulishuka nusu kijiko kila baada ya wiki mbili, nyumba nzima, hata watoto. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hutolewa vilevile, haba na haba. Tangawizi, iliki na mchaichai vikaongezwa. Mbinu iliyotufaa kuliko zote, lakini, hatukuitoa kwa daktari wala kitabuni. Ilikuwepo barazani siku zote. Wazee wa pwani wanakunywa kahawa chungu, nyeusi, kwenye kikombe kidogo, na utamu unakaa pembeni: kipande cha kashata, halua kidogo, au tende. Hakuna anayewaona maskini. Hakuna mgeni anayehisi kadharauliwa. Mama alikuwa ameuona utaratibu huo maisha yake yote, ila hakuwahi kufikiri kwamba na chai ingeweza kunywewa hivyo. Siku hizi mgeni akija analetewa chai ya viungo, na kisahani cha tende mbili tatu. Bakuli la sukari lipo mezani, halijafichwa. Ambaye anataka, anatia.

Dawa zake anaendelea nazo, na kliniki haachi. Sukari haikuwa sababu pekee ya ugonjwa wake, na kijiko peke yake hakiwezi kuuondoa. Lakini vipimo vimetulia, na yeye ametulia zaidi.

Mwezi uliopita alikwenda harusini, akapewa chai ya shughuli, ile tunayoijua. Akarudi akilalamika mpaka mlangoni. "Jamani, wale watu wametia sukari yote ya mjini." Nikamuuliza imekuwaje, si alizaliwa na sukari? Akavua mtandio, akacheka.

"Nilizoezwa, mwanangu," akasema. "Hebu niletee maji."