Madaftari ya Tembo wa Marang

Utafiti wa mienendo ya wanyamapori katika nyanda za juu za Mbulu husimuliwa kwa kawaida kama historia ya vifaa, ilhali sehemu yake yenye uzito zaidi ni historia ya utunzaji wa kumbukumbu. Chimbuko lake liko chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara iliyoanzishwa mwaka 1960, ambako Iain Douglas-Hamilton, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alianza kuwachunguza tembo katikati ya miaka ya 1960. Alimtambua kila tembo kwa picha za masikio na pembe, kwa kuwa mipasuko ya masikio hutofautiana baina ya mnyama na mnyama, kisha akaandika alionekana wapi, lini na pamoja na nani. Baadaye baadhi yao walivishwa kola za redio, yaani mikanda ya shingoni inayotoa mawimbi yanayonaswa kwa antena. Kipimo kimoja cha antena huonyesha uelekeo tu, hivyo mahali alipo mnyama hukadiriwa pale mistari ya vipimo viwili au zaidi inapokatana, na daftari lisilotaja mpimaji alisimama wapi na saa ngapi halimfai mtafiti yeyote.

Kumbukumbu hizo zilidhihirisha kuwa tembo wa Manyara hawakukaa kandokando ya ziwa pekee, bali walipanda ukingo hadi msitu wa Marang, upande wa Mbulu. Msitu huo uliingizwa hifadhini mwaka 2009, takriban miaka 40 baadaye, na muda mrefu kiasi hicho unadai rekodi inayoeleweka hata kwa wasiokuwapo ilipoandikwa.

Kueleweka huko si jambo jepesi. Wilaya ya Mbulu ya zamani ilikuwa pana, kabla Hanang, Babati na Karatu hazijawa wilaya, hivyo jina hilo katika rekodi kongwe huweza kumaanisha mahali palipo mbali na Mbulu ya leo. Majiranukta nayo, yaani namba zinazobainisha mahali kwenye ramani, hutegemea kipimo cha msingi kilichotumika: ramani nyingi za zamani za Tanzania zilifuata Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hufuata WGS 84, na tofauti kati yake hufikia mita 300 hivi, umbali unaotosha kumhamisha tembo kutoka msituni hadi kwenye genge.

Kola za GPS zilizoenea tangu miaka ya 1990 zilizidisha kazi hiyo, kwa sababu kola inayorekodi kila saa huzalisha nukta 8,760 kwa mwaka kwa mnyama mmoja. Miongoni mwake hujipenyeza nukta za uongo, zikiwemo zile zilizorekodiwa kola ikiwa bado ofisini au garini, na pasipo tarehe ya kumvisha mnyama hakuna njia ya uhakika ya kuziondoa zote. Ndiyo maana hazina za data kama Movebank, inayoendeshwa na Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, hutunza nukta pamoja na maelezo ya mnyama, kola na tarehe, na humwachia mwenye data uamuzi wa nani azione, kwani nukta ya tembo aliye hai ikimfikia jangili humwelekeza njia.

Kumbukumbu za mienendo hazitokani na kola pekee: katika Bonde la Yaeda, magharibi mwa Mbulu, Wahadzabe, jamii ya wawindaji, husoma katika unyayo jinsia ya mnyama, umri wake na muda tangu apite. Ujuzi huo unastahili nafasi yake ndani ya hazina hizo, ukiambatana na jina la aliyeusoma unyayo.