Damu kwenye mkojo: kichocho, saratani ya kibofu na kile ambacho kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha

Katika bonde la Mto Juba, kukojoa damu si jambo geni, na wengine huliona la kawaida, hasa kwa wavulana. Si la kawaida. Kwa mtoto, mara nyingi ni kichocho. Kwa mtu mzima, huenda ikawa dalili ya kwanza ya saratani ya kibofu.

Kichocho kinatoka wapi?

Vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa maji yasiyo na chumvi: mito, mifereji ya mashamba na mabwawa. Kisha hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua au kulima humo. Bahari haina konokono hao. Mvuvi wa Chula au Koyama haambukizwi baharini, bali anapoingia kwenye maji ya Juba, kwa mfano huko Jamaame au Jilib. Minyoo hii huweza kuishi mwilini kwa miaka mingi, kwa hiyo aliyehama mto zamani bado anaweza kuwa nayo.

Inahusianaje na saratani?

Mayai ya minyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuleta uvimbe na makovu. Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka minyoo hii miongoni mwa visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Uvutaji wa sigara nao ni kisababishi kikubwa.

Vipimo vya mkojo

• Kijiti cha kupimia huonyesha damu hata isiyoonekana kwa macho, lakini hakisemi imetoka wapi.
• Hadubini huonyesha mayai ya kichocho. Mkojo wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ndio bora, kwa kuwa mayai hutoka kwa wingi wakati huo.
• Hadubini pia huweza kuonyesha seli za saratani zilizobanduka kibofuni.
• Viashiria vya molekuli ni protini, au mabadiliko ya DNA na RNA, ambayo seli za saratani huacha kwenye mkojo. Kipimo cha protini ya NMP22 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Mashine ya GeneXpert, inayotumika sana Afrika Mashariki kupima kifua kikuu, nayo ina kipimo cha RNA ya saratani ya kibofu. Lakini kila ugonjwa una katriji yake. Kuwepo kwa mashine hakumaanishi kwamba kipimo hicho kipo.

Mipaka yake

Viashiria hivi husaidia zaidi kufuatilia mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, kuona kama saratani imerudi. Maambukizi na damu vinaweza kutoa jibu la uongo, na kichocho huleta vyote viwili. Vilevile, vingi vilitengenezwa kwa aina ya saratani iliyoenea Ulaya na Marekani. Ile inayoletwa na kichocho mara nyingi ni ya seli bapa. Kwa hiyo jibu la mkojo peke yake halitoshi. Daktari huthibitisha kwa kuingiza kamera ndogo kibofuni na kukata kipande cha nyama kwa uchunguzi.

Ufanye nini?

1. Ukiona damu, nenda kituo cha afya hata kama huna maumivu na hata kama imekoma yenyewe.
2. Mweleze mhudumu ulikoishi na kama uliwahi kuoga au kulima mtoni. Mwanamke aseme pia kama yuko kwenye hedhi au ni mjamzito.
3. Kichocho hutibiwa kwa dawa ya praziquantel, inayotolewa kulingana na uzito au urefu. Ukirudi kwenye maji yenye konokono, unaweza kuambukizwa tena.
4. Mtu mzima ambaye damu inaendelea baada ya dawa asirudie dawa tu. Aombe rufaa ya hospitali yenye daktari wa njia ya mkojo.

Saratani ya kibofu ikigunduliwa mapema hutibika. Usione haya kuisema damu.