Iringa ilikwishatufundisha

Msikilizaji, ukiitaja Kalenga mbele ya Mtanzania yeyote aliyesoma historia darasani, atakutajia Mkwawa. Ni haki yake. Hapo, kilomita chache kutoka Iringa mjini, ndipo ilipokuwa ngome ya Wahehe iliyozungukwa na ukuta wa mawe, ambayo Wajerumani waliiteka kwa mizinga tarehe 30 Oktoba, 1894. Hapo pia ndipo lilipo jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorejeshwa nchini mwaka 1954.

Lakini ukuta hujengwa kumzuia adui atokaye nje. Wiki hii nazungumzia adui aliyemo ndani, yaani ukatili dhidi ya watoto, na historia nyingine ya Iringa, isiyo na makumbusho, ambayo naamini inatuonyesha namna ya kumkabili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha pia Njombe, Ludewa na Makete, ulikuwa mmoja wa mikoa minne iliyotegemewa na taifa kwa mahindi, pamoja na Mbeya, Ruvuma na Rukwa. Ajabu ni kwamba watoto wa mkoa huo huo walikuwa hoi kwa utapiamlo. Ghala limejaa, mtoto amekonda. Na kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa namna hiyo, hakuna aliyeshtuka.

Mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Filamu kuhusu njaa iliyojificha ilizungushwa vijijini. Kila baada ya miezi mitatu wazazi walileta watoto wao, wakaning'inizwa kwenye mzani, na uzito ukaandikwa kwenye kadi yenye rangi ya kijani, kijivu na nyekundu. Mimi nilizaliwa mkoani humo mwaka 1984, na mama yangu hueleza hadi leo jinsi akina mama walivyokuwa wakichungulia kadi kuona mtoto ameangukia rangi gani.

Mzani peke yake haumshibishi mtoto. Siri ya mpango ule ilikuwa kwamba hesabu haikupelekwa tu wilayani. Ilibaki kijijini. Kamati ya afya ya kijiji ilikaa ikajiuliza: ni wangapi wako kwenye nyekundu, kwa nini, na sisi wenyewe tunaweza kufanya nini? Ndipo ilipobainika kwamba mara nyingi tatizo halikuwa chakula kukosekana, bali mama kutwa yuko shambani na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Vijiji vikafungua vituo vya kuwalea na kuwalisha watoto mchana. Fedha za nje zilinunua mizani, baiskeli na mafunzo, lakini uamuzi ulikuwa wa wanakijiji.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1984 zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia mwaka 1988 walikuwa chini ya 40 katika kila 100. Wale wa hali mbaya kabisa walishuka kutoka 6 hivi katika kila 100 hadi wasiozidi 2.

Sasa tuje kwenye ukatili. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi mtendaji ni jirani, ndugu, mzazi au mwalimu. Ndiyo maana kesi nyingi humalizwa kifamilia, kwa mbuzi au fedha kidogo, na mtoto akaambiwa anyamaze.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwananchi atoe taarifa. Mipango tunayo pia. Ule wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uliozinduliwa Desemba 2016, uliagiza ziundwe kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na awamu yake ya pili ilizinduliwa mwaka 2024.

Kilichopungua ni fungu. Wajumbe wa kamati hizi ni watu wa kujitolea. Mtoto akiumizwa kijijini, nani atalipa nauli yake na ya mama yake hadi polisi kuchukua fomu namba 3, kisha hospitali, kisha mahakamani mara nne au tano? Wapo mjumbe mwenye huruma na mfuko wake mtupu. Nauli ikikosekana, ushahidi unapotea, na mbuzi wa suluhu anafungwa uani.

Wapo watakaosema fedha zikipelekwa vijijini zitaliwa. Nawajibu kwamba zinaweza kuliwa popote, hata katika hoteli za warsha mjini. Dawa yake Iringa ilikwishatuonyesha: hesabu isomwe mbele ya wenye watoto. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo kamati ieleze imepokea shilingi ngapi, taarifa ngapi zimefika, ngapi zimekwenda polisi, ngapi mahakamani, na wasichana wangapi wameacha shule kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Majina ya watoto yasitajwe kamwe, maana aibu isimwangukie aliyeumizwa. Lakini idadi itajwe, na watu waulizane kwa nini.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sababu sheria imesema hivyo. Haishindikani basi kutunga kifungu kingine, kidogo sana kuliko hicho, kwa ajili ya kamati hizi na vikundi vya kijijini vinavyoshirikiana nazo.

Miaka 40 iliyopita watu wa Iringa walikataa kuuita utapiamlo jambo la kawaida, wakaweka mzani hadharani. Kipigo na ubakaji wa watoto navyo si jambo la kawaida. Wanakijiji wanaojitolea kulisema hilo tusiwaache bila nauli.