Hedifoni Nzuri kwa Bei Ndogo: Historia Yake

Hedifoni, yaani jozi ya spika ndogo zinazovaliwa masikioni ili mtu asikilize bila kuwasumbua wengine, hazikubuniwa kwa ajili ya muziki wala kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida. Zilizaliwa kazini, kwa waendeshaji wa simu na wa redio, na kwa muda mrefu sifa kuu iliyotakiwa ilikuwa uwezo wa kunasa ishara hafifu. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, alilipelekea Jeshi la Wanamaji la nchi yake hedifoni za majaribio pamoja na barua iliyoandikwa kwa wino wa zambarau, na zilipopimwa zikaonekana kuvishinda kwa mbali vifaa vilivyokuwa vikitumika. Lakini jeshi lilipotaka kuagiza kwa wingi, Baldwin alijibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mpigo, kwa kuwa alikuwa akizitengenezea jikoni kwake.

Hatua iliyofuata, ambayo ndiyo msingi wa karibu kila hedifoni inayouzwa leo kwa bei ya chini, ilifikiwa mwaka 1937 mjini Berlin, pale kampuni ya Eugen Beyer ilipotoa hedifoni zilizoitwa DT 48, zilizotumia mfumo wa dainamiki. Katika mfumo huu koili ya waya mwembamba hugundishwa kwenye kiwambo, yaani utando mwepesi uliowambwa, kisha koili hiyo huwekwa ndani ya uga wa sumaku, ili umeme wa sauti unapopita iende mbele na nyuma na kiwambo kiitikise hewa iliyo karibu na sikio. Vipande vyake ni vichache na malighafi yake si adimu, na hiyo ndiyo sababu mfumo huo huo umeweza kukaa ndani ya kifaa cha studio na ndani ya kile kinachotandazwa juu ya meza ya mchuuzi.

Muziki uliingia baadaye. Mwaka 1958 John C. Koss, mwanamuziki wa jazi wa Milwaukee, akishirikiana na mhandisi Martin Lange, alitoa hedifoni za stereo zilizoitwa SP/3, ambazo mwanzoni zilikusudiwa kuisindikiza santuri ya kubebeka waliyotaka kuiuza, lakini wateja wakazipenda hedifoni kuliko santuri yenyewe. Hata hivyo hedifoni za enzi hiyo zilikuwa nzito na ziliziba masikio kabisa, kwa kuwa iliaminika kwamba besi, yaani sauti za chini, haziwezi kusikika vizuri bila sikio kufungiwa. Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1968, wakati kampuni ya Kijerumani ya Sennheiser ilipotoa HD 414, ambazo mgongo wake uliachwa wazi ili hewa ipite na ambazo zililazwa masikioni kwa sifongo za manjano. Zilikuwa nyepesi na hazikulifanya sikio litoke jasho, na baada ya muda jozi zilizouzwa zilipita milioni 10. Kasoro yake kwa mtu wa kipato kidogo haikuonekana kwa macho: impedansi yake, yaani kiasi ambacho kifaa huuzuia umeme wa sauti kupita, ilikuwa omu 2,000, kipimo kilichofaa vikuza sauti vikubwa vya nyumbani vya wakati ule lakini kisichoweza kuendeshwa na betri ndogo.

Badiliko lililomfaa zaidi mnunuzi maskini lilitoka Japani mwaka 1979, Sony ilipotoa Walkman, kinanda cha kaseti kilichoendeshwa kwa betri mbili ndogo na kuuzwa pamoja na hedifoni zenye uzito wa takriban gramu 50, wakati ambapo zilizozoeleka zilikuwa na uzito mara kadhaa ya huo. Kwa kuwa volti za betri hizo zilikuwa chache, watengenezaji walilazimika kuishusha impedansi na kuiongeza nguvu ya sumaku, na kwa kulazimika huko ndiko zilikotokea hedifoni zisizohitaji kikuza sauti cha pembeni, gharama ambayo hadi leo humnasa mnunuzi anayetazama bei ya hedifoni peke yake.

Tunda bora la kipindi hicho ni Porta Pro, zilizotolewa na kampuni ya Koss mwaka 1984 na ambazo bado zinatengenezwa. Utepe wake wa kichwani ni vipande viwili vyembamba vya chuma vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Juu ya kila sikio kuna takia dogo linaloegemea kichwa ili uzito usiliangukie sikio peke yake, pamoja na kiteleza cha kuongeza au kupunguza mbano. Na sifongo zake zikichakaa hubadilishwa kwa fedha kidogo. Sauti yake ina besi nene na ya kupendeza kuliko umbo lake linavyoashiria. Udhaifu wake ni ule wa hedifoni zote zilizo wazi, kwamba kelele za nje huingia na muziki huvuja nje, hivyo kwa mtu anayesikiliza ndani ya basi au anayerekodi sauti zinafaa zaidi zilizofungwa, kama vile MDR-7506 za Sony za mwaka 1991, ambazo zimezoeleka mno katika studio na vituo vya redio ingawa bei yake imebaki kuwa ya wastani.

Wale waliodhani kwamba sauti nzuri hupanda pamoja na bei walipata jibu mwaka 2017, pale mtafiti Jeroen Breebaart alipochapisha vipimo vya hedifoni 283 na kuonyesha kwamba hakuna uhusiano kati ya bei ya dukani na mwitikio wa masafa, yaani jinsi kifaa kinavyogawa nguvu kati ya sauti za chini, za kati na za juu. Ni matokeo yanayostahili kujulikana na kila mnunuzi, ingawa hayasemi lolote kuhusu uimara, starehe ya masikio wala upatikanaji wa vipuri, mambo ambayo kwa mwenye fedha kidogo yana uzito sawa na sauti, kwa kuwa hawezi kununua tena kila mwaka.

Tangu mwaka 2016, Apple ilipoondoa tundu la hedifoni la milimita 3.5 kwenye iPhone 7 na watengenezaji wengine wengi wakaifuata, soko limeelekea kwenye hedifoni zisizo na waya, ambazo ndani yake bei ileile inapaswa kugharamia pia betri, redio ya Bluetooth na kikuza sauti kidogo. Betri hizo huchoka baada ya miaka michache, na katika vifaa vingi vya bei ya chini hazibadilishiki. Kwa sababu hiyo hedifoni za waya bado zinampa mnunuzi wa kipato kidogo sauti nyingi zaidi kwa kila shilingi, hata akilazimika kuongeza kiunganishi kidogo cha USB-C ili zifanye kazi kwenye simu mpya.