Duka la Idara au la Vitengo?

Mwambie mtu wa Malindi kwamba Barabara ya Lamu kumefunguliwa "duka la idara", atakuuliza: idara gani, ya maji au ya uhamiaji? Hivyo ndivyo department store inavyotafsiriwa neno kwa neno, na masikio yetu yanakataa. Idara kwetu ni foleni, muhuri na "njoo kesho".

Kitu chenyewe ni maduka mengi chini ya paa moja. Vyombo huku, nguo kule, samani ghorofani; kila upande una mkuu wake, mnunuzi wake na hesabu zake. Bei imebandikwa, hakuna cha "mwisho ngapi?" Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia wa Le Bon Marché ya Paris mwaka 1852, ndiye anayetajwa sana kwa mtindo huu. Mimi ningesema duka la vitengo. Supamaketi ni mambo mengine: humo chakula ndicho mwenye nyumba, vilivyobaki ni wapangaji.

Nchini Kenya, iliyolikaribia zaidi duka la vitengo ilikuwa kampuni ya Nakumatt. Jina limetokana na Nakuru Mattress: wauza magodoro walioongeza kitengo baada ya kitengo mpaka wakauza unga, friji na televisheni, wakawa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki. Bidhaa nyingi walizichukua kwa kile wafanyabiashara wetu wamekiita mali kauli tangu zamani: uza kwanza, lipa baadaye. Malipo yakachelewa, wasambazaji wakaacha kuleta, rafu zikabaki wazi. Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe.

Ila deni ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba vitengo vimetoka ndani, kimoja kimoja, vikarudi barabarani. Kilifi mjini godoro lina duka lake na simu ina lake. Nguo za watoto zimerundikwa kwenye turubai la mitumba. Madera nayo yamo kwenye status ya WhatsApp. Mama anapiga picha dera likining'inia mlangoni, jirani wa Mnarani anaandika "bei?", anajibiwa, anaomba apunguziwe mia, anapunguziwa hamsini. M-Pesa ikiingia, bodaboda anawasha pikipiki. Kitengo kizima cha nguo, na mkuu wake bado amekaa barazani anachambua mchicha.