Haki ya kujihami katika sheria ya Tanzania

Haki ya kujihami ni haki ya mtu kutumia nguvu ili kujikinga mwenyewe, kumkinga mwingine au kulinda mali yake dhidi ya shambulio lisilo halali. Tanzania Bara imo katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16), vifungu vya 18 hadi 18C kwa namba za toleo la 2022. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Historia

Kanuni hiyo ilirithiwa kutoka utawala wa Waingereza. Awali mahakama zilifuata misingi ya sheria ya Uingereza kuhusu kujihami. Marekebisho ya mwaka 1980 yaliingiza masharti yake katika Kanuni yenyewe.

Masharti

Nguvu inayotumika iwe ya kiasi na ya lazima. Aliyezidisha nguvu akasababisha kifo ana hatia ya kuua bila kukusudia. Hata hivyo hana kosa aliyeua akiamini kwa nia njema, na kwa sababu za msingi, kwamba hakuna budi, kwa mfano anapokabiliwa na hatari ya kuuawa, kubakwa au kunyang'anywa. Mshtakiwa akileta hoja ya kujihami, upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuivunja pasipo shaka ya msingi. Kisasi si kujihami, wala kumpiga mwizi aliyekwisha kukamatwa.

Mjadala

Suala kuu ni kipimo cha "kiasi". Aliyeamshwa usiku na wavunja nyumba hana nafasi ya kupima pigo lake, lakini hakimu hulipima baadaye kwa utulivu. Kwa upande mwingine, kulegeza kipimo kunaweza kuwapa kinga "wananchi wenye hasira" wanaoua washukiwa.

Wilayani Kilwa suala hili linagusa mashamba. Baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006–2007, wengi walihamishiwa mkoa wa Lindi, na migogoro na wakulima ikafuata. Mkulima anaweza kufukuza mifugo inayoharibu mazao yake. Kumfuata mchungaji aliyekwisha kuondoka na kumkata panga ni kosa.

Haki ya mshtakiwa nayo hujadiliwa. Shtaka la mauaji halina dhamana, hivyo mkazi wa Tingi aliyejihami akaua anaweza kukaa mahabusu hadi Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara isikilize shauri lake. Akipatikana na hatia ya mauaji, adhabu ni kifo tu. Ya kuua bila kukusudia hufikia kifungo cha maisha, lakini jaji anaweza kuipunguza. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kunakiuka haki ya kuishi.

Tazama pia

Kanuni ya Adhabu
Adhabu ya kifo
Dhamana