Doti za kanga, viwanja vya wakfu

Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka Aprili 1897. Haikugawa hata kipande kimoja cha ardhi. Walioachwa huru walitoka mashambani bila shamba wala kiwanja, na masuria hawakuguswa na amri ile kabisa. Iliwabidi wangoje hadi 1909. Swali la mtu asiye na ardhi ataweka wapi jasho lake lilijibiwa na wanawake wengi wa Unguja kabla serikali haijalifikiria. Waliliweka kwenye nguo.

Anayetaka kujua kwa nini atazame walichokuwa wakivaa kabla. Tangu Sultani Sayyid Said alipotia saini mkataba na Wamarekani mwaka 1833, wafanyabiashara wa Salem walijaza maghala ya Unguja kwa merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliukata mkondo huo, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi. Mtumwa alivaa merikani, au kaniki iliyotiwa nili. Kufunika kichwa na kuvaa viatu vilikuwa vya waungwana. Basi mwanamke aliyejitanda kanga mpya yenye rangi, kichwa kimefunikwa, alikuwa akitangaza hali yake barabarani bila kumwomba kadhi cheti. Maofisa wa kikoloni waliona israfu na kupenda mapambo. Nadhani walikosea sana.

Fedha za kununulia zilikuja kwa msimu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Mchumaji alilipwa kwa pishi, kwa hiyo mwaka wa mavuno mema pesa ziliingia mikononi mwa watu wa kawaida kwa mkupuo, na nyingi zikaishia kwenye kaunta ya duka la Mhindi, ama kulipa deni ama kufungua jingine. Msimu wa pili ulikuwa Idi. Kwenda sikukuu na nguo ya mwaka jana ilikuwa aibu. Na kwa kuwa mwezi wa mfungo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu, ilitokea miaka Idi ikaangukia uchumaji, na misimu miwili ikawa mmoja.

Wenye maduka nao walihangaika. Kanga zilipigwa chapa Manchester na Uholanzi kwa ajili ya soko hili. Kielelezo kilipanda meli, shehena ikarudi baada ya miezi, na pengine ilipofika wanawake wa mjini walikwisha kuichoka sura ile. Mzigo uliokataliwa Unguja ulitafutiwa wanunuzi bara. Wanawake waliozaliwa utumwani, au mabinti zao, ndio waliokuwa wakiamua viwanda vya Ulaya vichapishe nini.

Ng'ambo, mtaa ulio upande wa pili wa mkono wa bahari na daraja kutoka Mji Mkongwe, ndiko wengi wa wanawake hao walikohamia. Nyumba ya udongo na makuti ilikuwa yao. Ardhi iliyokuwa chini yake haikuwa yao. Sehemu kubwa ya viwanja hivyo iliwahi kuwekwa wakfu na matajiri ili watumwa wao na maskini wapate pa kukaa. Nyingine ziligeuzwa polepole kuwa mali ya watu binafsi. Mwaka 1905 Waingereza waliunda Kamisheni ya Wakfu, na usimamizi uliokuwa mikononi mwa familia na masheikh ukaingia kwenye madaftari. Kilichokuwa sadaka kikaanza kuhesabiwa kama pato.

Mirathi nayo ilikuwa na mtego wake. Kwa madhehebu ya Shafi, aliyeachwa huru akifa bila jamaa wa kumrithi, bwana wake wa zamani alikuwa na haki ya kuchukua alichoacha. Nyumba haifichiki, msimamizi ataikuta palepale. Doti za kanga zilizokunjwa sandukuni na kufukizwa udi ziliweza kugawiwa mwenyewe angali hai: kwa binti, kwa shoga, kwa mwari aliyechezwa unyago. Mimi naiona hesabu ya kisheria katika ukarimu huo, hata kama hakuna aliyeiandika.

Kodi ya viwanja ilipozidi kupanda, mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Wengi wao walikuwa wenye nyumba. Hoja yao ilikuwa ya kale kuliko serikali iliyowashitaki: ardhi ni ya Mungu, na mwenye kuitoa wakfu hakuitoa ili maskini atozwe.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Kamisheni ingali ipo, sasa kwa jina la Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na warithi bado hupeleka kwake mafaili ya mirathi. Nyumba, mashamba na fedha za marehemu huandikwa humo. Kanga za mama, kwa kawaida, mabinti huwa wamekwisha kugawana nyumbani.